Kwa nini watu wa Lamu wanalinda vilima vya mchanga vya Shela?

Wageni wengi wakifika Shela, kisiwani Lamu, huona mchanga na bahari tu. Sisi tunaangalia kilichoko chini: maji ya kunywa.

Mvua ikinyesha, mchanga huyachuja maji yake na kuyahifadhi juu ya maji ya chumvi, ambayo ni mazito zaidi. Visima vya hapo ndivyo tegemeo la mji wa Lamu. Nyumba na hoteli zikijengwa juu ya vilima hivyo, uchafu wa vyoo hupenya chini, na maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda visimani. Ndiyo maana wakazi wamekuwa wakipinga ugawaji wa viwanja huko.

Sheria ya Kenya inawapa nguvu. Asiyeridhika na leseni ya mazingira iliyotolewa na NEMA anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Juni 2019, mahakama hiyo ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Basi tangazo la mradi likibandikwa mtaani kwetu, tulisome siku hiyo hiyo.