Sili ya Ekseli Iliyobadilishwa Lakini Bado Inavuja: Mambo Ambayo Mlaji Anapaswa Kuyafahamu

Miongoni mwa matengenezo ya gari yanayozua mvutano kati ya mwenye gari na fundi, kubadilisha sili ya ekseli kuna nafasi yake. Mlaji hulipia kipuri na ufundi, huondoka gereji akiamini kazi imekwisha, na baada ya siku chache huona tena oili imetapakaa upande wa ndani wa tairi. Fundi husema sili ni mbovu, muuzaji wa vipuri husema fundi ameifunga vibaya, na mlaji hubaki katikati akilipa mara ya pili. Makala hii inaeleza chanzo cha tatizo hilo, namna ya kulichunguza, na hatua ambazo mlaji anaweza kuzichukua bila kupoteza haki yake.

Tumezingatia hasa mazingira ya wananchi wa Kwamndolwa na maeneo mengine ya Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, ambako gari aina ya Hiace, Hilux au lori dogo ndilo linalobeba abiria, mahindi, machungwa na mkonge, na hupita katika vumbi wakati wa kiangazi na katika matope wakati wa masika. Maelezo haya, hata hivyo, yanamfaa mlaji yeyote mwenye gari lenye ekseli ngumu ya nyuma.

Sili ya ekseli ni nini?

Ndani ya difu ya nyuma mna oili nzito inayolainisha gia. Sehemu ya oili hiyo husambaa ndani ya bomba la ekseli hadi karibu na magurudumu. Sili ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, nayo hukaa mwishoni mwa bomba hilo, mahali ekseli inapotokeza kwenda kwenye gurudumu. Mpira wake una mdomo mwembamba unaoigusa ekseli inapozunguka, na nyuma ya mdomo huo mna springi ndogo ya mviringo inayoubana usilegee. Kazi yake ni moja tu: kuizuia oili isitoke na kuizuia takataka isiingie.

Kwa nini uvujaji huu usipuuzwe?

Wapo wanaodhani kwamba oili kidogo inayovuja ni hasara ya kuongeza nusu lita kila mwezi tu. Sivyo. Katika magari mengi ya aina hii, breki ya nyuma ni ya drami, nayo imefungwa palepale sili ilipo. Oili ikipita sili huingia ndani ya drami na kuzilowesha lainingi za breki. Gurudumu hilo hupoteza nguvu ya kusimama, na gari huweza kuvuta upande mmoja dereva anapokanyaga breki. Kwa gari linaloteremka kutoka Lushoto na Soni kuja Mombo likiwa na abiria, kona kwa kona, jambo hilo si dogo.

Athari ya pili huchelewa kuonekana. Oili ikipungua sana, gia za difu na beringi hukosa ulainisho, hupata joto na kusagika. Katika magari ambayo ekseli yenyewe ndiyo inayobeba uzito wa gurudumu, beringi ikivunjika kabisa ekseli huweza kuchomoka pamoja na gurudumu gari likiwa katika mwendo. Kwa hiyo gari linalovuja oili ndani ya drami lisibebe abiria wala mzigo hadi litengenezwe.

Kwanza, hakikisha ni nini kinachovuja

Kabla ya kulipia sili nyingine, mlaji ahakikishe kwamba kinachovuja ni oili ya difu. Vimiminika vitatu huweza kuonekana mahali hapo:

1. Oili ya difu ni nzito, huteleza sana vidoleni, na ina harufu kali inayofanana na ya kiberiti.
2. Mafuta ya breki ni mepesi karibu kama maji, na huharibu rangi ya gari yakiigusa. Yakiwa ndiyo yanayovuja, kiwango katika kikopo cha mafuta ya breki hupungua, na dawa yake ni kutengeneza silinda ya breki ya gurudumu, si sili.
3. Grisi ya beringi ni nzito zaidi na haitiririki, isipokuwa imeyeyuka kwa joto kali.

Jambo jingine la kuzingatia ni oili ya zamani. Fundi asiposafisha vizuri drami, bamba la breki na sehemu ya ndani ya rimu, mabaki ya oili yataendelea kudondoka kwa siku kadhaa hata kama sili mpya haina kasoro. Ndiyo maana tunashauri sehemu hizo zisafishwe na kukaushwa kabisa, gari liendeshwe kilomita 20 hadi 30, kisha likaguliwe upya. Unyevu mpya ukionekana baada ya hapo, hilo ni jibu.

Kwa nini sili mpya huvuja?

Sili mara nyingi huharibiwa na jambo jingine lililo karibu nayo. Ikibadilishwa yenyewe bila chanzo kuondolewa, ya pili itavuja kama ya kwanza. Vyanzo vikuu ni hivi:

Kitundu cha kupumulia kimeziba. Juu ya bomba la ekseli pana kitundu kidogo chenye kifuniko, kinachoruhusu hewa kutoka oili inapopata joto. Vumbi na matope vikikiziba, hewa ya ndani hutanuka, hukosa njia, na huisukuma oili kupitia mdomo wa sili. Kukizibua ni kazi ya dakika chache isiyohitaji kipuri, na kwa magari ya barabara za vumbi hiki ndicho kitu cha kwanza cha kutazamwa. Gari likivuka maji difu ikiwa na joto, hewa ya ndani hupoa ghafla na kuvuta maji. Oili iliyobadilika rangi na kuwa kama maziwa ni dalili ya maji, nayo haina budi kumwagwa yote.

Oili imezidi. Kiwango sahihi katika magari mengi ni oili kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa mahali tambarare. Oili ikijazwa gari likiwa limeinuliwa kwa jeki upande mmoja, kipimo hicho hakiaminiki.

Beringi imechakaa. Beringi ikilegea, ekseli hucheza. Mdomo wa sili hauwezi kuifuata ekseli inayocheza, hivyo oili hupenya. Gurudumu likiinuliwa na kutikiswa juu na chini, mchezo huo huweza kuhisiwa kwa mkono. Kubadilisha beringi kwenye magari mengi kunahitaji mashine ya kukandamiza, na gereji isiyokuwa nayo huweza kushawishika kubadilisha sili peke yake.

Ekseli ina mfereji. Mdomo wa sili ukisugua mahali pamoja kwa miaka mingi huchimba mfereji mwembamba kwenye chuma. Pitisha ukucha juu ya sehemu hiyo: ukikwama, sili mpya haitabana sawasawa. Fundi mwenye ujuzi huweza kuvisha pete nyembamba ya chuma mahali hapo, au kushauri ekseli ibadilishwe. Alama za patasi zilizoachwa wakati wa kukata kola ya beringi ya zamani huleta tatizo lilelile.

Ufungaji mbaya. Sili ikigongwa kwa nyundo upande mmoja huingia ikiwa imepinda, na springi yake huweza kuruka. Ikifungwa kinyume, mdomo hauelekei kwenye oili inakotoka. Ekseli ikisukumwa bila uangalifu, meno yake huukata mdomo wa mpira. Mdomo usiopakwa oili au grisi kabla ya kufungwa huungua katika mizunguko ya mwanzo.

Bomba la ekseli limepinda. Gari lililozidishiwa mizigo kwa muda mrefu, au lililopata ajali, huweza kuwa na bomba lililopinda. Hapo sili ngapi zitabadilishwa bila mafanikio, na gari linahitaji vipimo vya karakana yenye vifaa.

Unaponunua sili

Sili nyingi huandikwa namba tatu za milimita: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Kwenda dukani na sili ya zamani ni vizuri, lakini isomwe namba. Kufananisha kwa macho hakutoshi, kwa kuwa tofauti ya milimita moja huleta uvujaji. Aidha, hakikisha kwamba iliyotolewa ndiyo iliyokuwa sahihi, kwani huenda fundi aliyetangulia alifunga isiyofaa.

Kagua pia mpira na springi. Mpira mkavu wenye nyufa, springi yenye kutu, maandishi yanayofutika kwa kidole na boksi lenye makosa ya tahajia katika jina la chapa ni dalili za kutiliwa shaka. Dai risiti inayotaja jina la kipuri, tarehe na bei. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha kwamba sili hiyo ilinunuliwa katika duka hilo.

Unapoiagiza na kuipokea kazi

Mlaji asione haya kumuuliza fundi. Fundi stadi hujibu bila kukasirika. Maswali ya msingi ni haya:

1. Umekikagua kitundu cha kupumulia, beringi na uso wa ekseli? Umekuta nini?
2. Gharama ya kipuri ni kiasi gani, na ya ufundi ni kiasi gani?
3. Lainingi za breki zimelowa? Lainingi zilizonywa oili hazirudii hali yake kwa kuoshwa kwa petroli. Zibadilishwe, na zibadilishwe pande zote mbili ili breki zishike sawa.
4. Umejaza oili ya aina gani, na kiwango kimepimwa gari likiwa tambarare? Aina ya oili ifuate kitabu cha mwongozo wa gari.
5. Kazi hii ina dhamana ya muda gani?

Majibu, hasa la dhamana, yaandikwe nyuma ya risiti na kutiwa saini. Mlaji achukue vipuri vya zamani na apige picha kwa simu kabla na baada ya kazi, kwa kuwa ushahidi huo haugharimu kitu.

Gari likivuja tena

Hatua ya kwanza ni kusimamisha matumizi ya gari, kupiga picha za uvujaji na kurudi kwa fundi yuleyule mapema. Usimpeleke fundi mwingine alifungue kabla ya wa kwanza kupewa nafasi ya kuona na kurekebisha, kwani baada ya hapo kila mmoja atamtupia mwenzake lawama. Omba chanzo kielezwe, si sili ibadilishwe tu. Ikiwa kosa ni la ufungaji, fundi anawajibika kurudia kazi. Ikiwa kipuri ni kibovu, kirudishwe dukani pamoja na risiti.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Fundi aliyemweleza mwenye gari kwamba beringi imekwisha, naye akakataa kuinunua ili kupunguza gharama, halaumiwi kwa uvujaji utakaofuata. Hii ni sababu nyingine ya kuandika makubaliano.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji na kutoa kauli za uongo kuhusu ubora, asili au hali ya bidhaa na huduma. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kusudi ambalo mnunuzi alimweleza. Kwa hiyo bango la dukani lisemalo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halipaswi kumvunja moyo mlaji aliyeuziwa kipuri chenye kasoro.

Mazungumzo yakishindikana, andika malalamiko mafupi yenye tarehe, kiasi kilicholipwa, tatizo na unachokidai, ukiambatisha nakala za risiti na picha. Afisa biashara wa halmashauri yako ni mtu wa karibu wa kuanza naye. Malalamiko kuhusu udanganyifu na bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani, na yanayohusu viwango vya ubora hupokelewa na Shirika la Viwango Tanzania. Madai ya fidia huweza kufunguliwa mahakamani, kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Kwa ufupi

• Oili ndani ya drami ni hatari ya breki. Gari lisibebe watu.
• Tofautisha oili ya difu na mafuta ya breki kabla ya kulipa.
• Kitundu cha kupumulia, beringi na uso wa ekseli vikaguliwe kabla sili mpya haijafungwa.
• Soma namba za sili, dai risiti, andika dhamana, tunza kipuri cha zamani.
• Ikivuja tena, rudi kwa fundi wa kwanza mapema ukiwa na ushahidi.