Gunia la Mahindi Kando ya Kitanda

Kila msimu wa mavuno wakazi wengi wa mijini huletewa gunia la mahindi kutoka mashambani. Nyumba za kupanga hazina ghala, kwa hivyo gunia huwekwa jikoni, sebuleni, au hata kando ya kitanda. Baada ya majuma machache unga huanza kumwagika sakafuni na mwenye nyumba hujua kuwa wadudu wamefika.

Kwa kweli walikuja na gunia. Fukusi jike hutoboa punje, mara nyingi mahindi yangali shambani, hutaga yai ndani na kuliziba tundu. Buu hula punje kutoka ndani, na baada ya wiki tano hivi mdudu kamili hutoka. Dumuzi, aliyeingia nchini kupitia Taveta mapema miaka ya 1980, ni mharibifu zaidi.

Wagonjwa huniuliza iwapo mahindi hayo yanadhuru. Fukusi mwenyewe hana sumu. Hata hivyo, wadudu wakizidi hutia gunia joto na unyevu, na punje iliyotobolewa hushikwa na kuvu kwa urahisi. Aina fulani za kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Kuchemsha githeri au kusonga ugali hakuiondoi. Mwaka wa 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Wengi wao walikuwa wamekula mahindi yaliyowekwa nyumbani kabla ya kukauka vizuri. Macho yao yaligeuka manjano na matumbo yakafura. Anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka haoni dalili yoyote, lakini hujiongezea hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni tembe za kufukizia nafaka. Mtu hununua chache, akazitumbukiza guniani, kisha familia ikalala chumba hicho hicho. Tembe hizo zikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya gunia na kupita chini ya mlango. Huleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kubanwa kifua, na huweza kuua kabla ya asubuhi. Haina dawa ya kuizima mwilini. Kwa maoni yangu, hazifai kuuzwa kwa mtu wa nyumba ya kupanga.

Afadhali uyaanike mahindi juu ya turubai hadi punje ivunjike kwa mlio ukiitafuna, uondoe zilizooza, kisha uyafunge ndani ya mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Wadudu watakufa kwa kukosa pumzi.

Kama tembe tayari zimo ndani, watoe watu wote nje kwanza, watoto wakitangulia, na uache milango wazi. Usirudi kulibeba gunia. Aliyeanza kutapika apelekwe hospitalini mara moja, na daktari aambiwe jina la dawa iliyotumika.