Mafuta ya kukinga jua: nani ayatafute Kamina, na achague yapi

Kamina iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwenye nyanda za juu zinazozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini. Mwinuko nao huongeza makali: kila mita 1,000 mtu anazopanda, mionzi ya urujuanimno huzidi kwa takriban asilimia 10. Baridi ya asubuhi za Juni na Julai hudanganya, kwani kinachounguza ngozi ni mionzi, si joto. Fundi wa reli, mkulima wa muhogo, msukuma baiskeli yenye magunia ya makaa na mcheza mpira wa saa nane wote hushinda ndani ya mionzi hiyo.

Hata hivyo hawaihitaji kinga kwa kiasi kimoja. Rangi asilia ya ngozi nyeusi, melanini, ni ngao nzuri, na saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwa mwenye nayo. Mtu mwenye ualbino hana ngao hiyo. Kwake mafuta haya ni dawa, na familia yenye chupa moja tu imwekee yeye kwanza. Tanzania imeonyesha kwamba kuwapatia watu hao mafuta haya kunawezekana: huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, palianza kutengenezwa Kilisun, mafuta yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino chini ya uongozi wa mfamasia Mhispania Mafalda Soto. Mkoa wa Haut-Lomami, ilimo Kamina, unastahili huduma kama hiyo.

Anayenunua aanze na namba. Kwenye chupa za Kifaransa huandikwa FPS au SPF, nayo hupima kinga dhidi ya mionzi ya UVB, ile inayobabua. Namba 15 huzuia takriban asilimia 93 ya mionzi hiyo, 30 asilimia 97, na 50 asilimia 98. Kupanda kutoka 30 hadi 50 basi huongeza kidogo tu, ila mwenye ualbino asiache kidogo hicho akikipata. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu UVA, mionzi inayopenya zaidi na kuzeesha ngozi. Kwa bidhaa za Ulaya, herufi UVA ndani ya duara huonyesha kwamba kinga hiyo nayo ipo. Mwenye ngozi nyeusi anayesumbuliwa na mabaka usoni atafute yenye rangi ya kahawia, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huyakoleza.

Kwa atokaye jasho au avuaye samaki katika maziwa ya Upemba, chupa iseme kwamba mafuta yanastahimili maji. Kustahimili huko ni kwa dakika 40 au 80, si kutwa. Yapakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, kisha kila baada ya saa mbili, na upesi zaidi mtu akijifuta taulo. Wengi hupaka kidogo mno: uso na shingo vinataka kijiko kizima cha chai, mwili wote karibu mililita 35. Masikio na midomo husahauliwa, na kwa wenye ualbino vidonda vingi huanzia kichwani na shingoni.

Krimu za kung'arisha ngozi hazikingi jua. Zenye haidrokwinoni au zebaki huidhoofisha ngozi na kuiacha wazi zaidi kwa mionzi, hivyo chupa isiyotaja kipimo cha kinga isinunuliwe kwa kazi hii.

Gharama hupungua mno nguo zikitangulia. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana, na kazi ya shamba kupangwa kabla ya saa nne au baada ya saa kumi hukinga sehemu kubwa ya mwili bila kununua upya kila mwezi. Mafuta hubaki kwa uso, shingo na mikono. Mtoto wa chini ya miezi sita hukaa kivulini, hapakwi. Chupa isiachwe juani wala ndani ya gari, na mafuta yaliyojitenga, yaliyobadilika harufu au yaliyopita tarehe yake hutupwa.