Rafiki Yangu, Chafya Yake na Gorila wa Bwindi

Sogeeni, wanangu. Mkeka ni mkubwa, mtaenea wote.

Jana mmoja wenu aliniuliza: "Mjomba, mlipokwenda Uganda kuangalia gorila, mbona rafiki yako hakuwaona?" Swali zuri hilo. Nililikwepa kwa sababu mwenyewe alikuwa hapa anakunywa kahawa yetu. Leo hayupo. Nitawaambia.

Tuliondoka Bukoba alfajiri. Mpaka Mutukula, penye mpaka, ni kama kilomita 80.

"Mpaka ni nini, mjomba?"

Ni kama ua kati ya nyumba mbili za ndugu. Huuruki. Unapita mlangoni, unabisha hodi, unajitambulisha. Pasipoti ndiyo hodi yenyewe. Tulibisha hodi, tukagongewa mihuri, tukaingia. Tukapita Masaka, tukapita Mbarara kwenye ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mkono wangu. Njiani tukala roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai. Rafiki yangu akala mbili. Halafu akapiga chafya.

"Vumbi hilo," akasema.

Tulikuwa tunamfuata nani, basi? Gorila wa milimani. Wenyeji wa Bwindi humwita engagi. Si yule sokwe wa Gombe mnayemjua. Huyu ni mkubwa zaidi, mzito zaidi, na siku nzima anakula majani. Dume akifika miaka kama 12, nywele za mgongo huanza kugeuka rangi ya fedha.

"Kama mvi zako, mjomba?"

Kama mvi zangu. Ila zangu zililetwa na madeni.

Gorila hawa wanaishi pahali pawili tu: msitu wa Bwindi, na milima ya Virunga ambako Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilipata 1,063. Fikirini shule ya msingi ya mjini, ile yenye watoto wengi. Gorila wa milimani wote wa dunia wangeingia humo, na mwalimu mkuu angesema bado kuna nafasi.

"Waliwahesabuje, nao wako msituni?"

Ehe! Mwenye swali hili asogee karibu nami. Wageni wakijaa ndani kwenye maulidi, unaijuaje idadi yao bila kuchungulia? Unahesabu viatu mlangoni. Gorila hana viatu, lakini kila jioni anakunja matawi na majani, anatandika kitanda kipya. Mtoto anayenyonya hulala na mama yake. Asubuhi wanaondoka, vitanda vinabaki. Wahesabuji wanahesabu vitanda, kisha wanachukua kinyesi kilichoachwa humo na kukipima. Msicheke. Kinyesi kinawaambia aliyelala pale ni yupi.

Basi tukafika Buhoma, kwenye lango la hifadhi ya Bwindi. Usiku kucha mvua ilinyesha. Asubuhi tukapanga mstari. Rafiki yangu akapiga chafya. Akapiga ya pili. Ya tatu akaizuia, ikatokea masikioni.

Askari wa hifadhi akamtazama. "Mzee wangu, una mafua?"

"Vumbi tu, mwanangu."

"Vumbi gani, mzee, na mvua yote hii?"

Hakupanda. Alibaki langoni na kikombe cha chai, amenuna kama kuku aliyelowa.

"Mafua tu, mjomba? Mafua tu?"

Mafua tu. Sikilizeni. Mfinyanzi akifinyanga vyungu viwili kwa udongo mmoja na kipimo kimoja, kifuniko cha hiki kitatosha na kile. Sisi na gorila ni vyungu vya namna hiyo, tumekaribiana mno. Ugonjwa ndio kifuniko. Ukitupata sisi, unaweza kuwapata na wao. Tofauti ni kwamba wewe unayazoea mafua tangu mchanga, na bibi anakuchemshia tangawizi. Gorila miili yao haijayazoea. Kwao mafua yanaweza kuua.

Si vitisho vya askari. Mwaka 1996, hapo hapo Bwindi, familia moja ya gorila ilishikwa na upele mpaka manyoya yakawatoka. Daktari wa wanyama, Gladys Kalema-Zikusoka, binti wa Uganda, akaenda kuwatibu. Mtoto mmoja alikufa. Upele ulitoka wapi? Ilidhaniwa kwamba gorila walipoingia mashambani waligusa sanamu za kutishia wanyama, zilizovishwa nguo kuukuu za watu. Nguo kuukuu tu! Daktari yule akaona huwezi kumtibu gorila ukamwacha jirani yake anajikuna. Akaanza kushughulikia afya ya wanavijiji pia.

Mimi nikapanda na wenzangu. Watu wanane, hawazidi. Barakoa usoni. Tope mpaka magotini, majani yanayowasha mpaka mabegani, na majani hayohayo gorila anayala kama sisi tunavyokula mchicha! Mwongozaji akasimama, akakohoa taratibu: "Mmm-hmm." Kichakani kukajibu: "Mmm-hmm."

Akatokea. Mgongo wa fedha, mpana kama mlango huu. Nikahisi anasema hivi:

"Nimewaona. Mko wanane. Kaeni hapo, mbali kama kutoka jikoni mpaka kwenye mwembe. Wanangu wakiwakaribia, nyinyi ndio mrudi nyuma, maana nyinyi ndio wakubwa. Nawapa saa moja."

"Saa moja tu, mjomba?"

Saa moja tu. Bibi yenu angeletewa wageni wanane kila siku ya Mungu, angetaka wakae mpaka lini? Na hiyo saa moja gorila hawakuizoea kwa siku mbili. Watu waliwaendea kila siku, karibu miaka miwili, wakifukuzwa na kupigiwa vifua, mpaka wakaachwa wasimame.

"Na sisi tutakwenda lini?"

Mtu awe na miaka 15. Hesabuni wenyewe, msinitazame mimi.

Niliporudi langoni, rafiki yangu alikuwa bado na kikombe chake. Nikamweleza kwamba waongozaji wanamjua kila gorila kwa pua. Mikunjo ya juu ya matundu ya pua hailingani, kama alama za vidole vyetu. Wanaichora, wanaiandika, wanaikumbuka.

Akafuta pua yake kwa leso. Akamtazama yule askari, naye askari akamtazama.

"Hata hapa langoni," akasema, "mtu anajulikana kwa pua."