Monita ya Pili Ikigoma, Kagua Kwanza Kabla ya Kutoa Fedha

Mfanyabiashara wa Boko anayetunza hesabu kwenye kompyuta ya mkononi hunufaika na monita ya pili: huku daftari la stoo, kule bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wapo wanaotumia Linux, mathalani Ubuntu, kwa kuwa haina ada ya leseni. Lakini monita ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo ikigoma nyumbani, nauli na ujira wa fundi humeza akiba hiyo.

Kosa si lazima liwe la monita. Anza na hatua zisizo na gharama.

Kwanza, chomoa waya na kuuchomeka upya pande zote mbili. Kisha bonyeza kitufe cha monita kilichoandikwa Source au Input, uchague tundu unalotumia, VGA au HDMI.

Pili, ikiwa umeweka kigeuzi kati ya HDMI na VGA, angalia mwelekeo wake. Cha kutoka HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyume chake. Hapo wanunuzi wengi hupata hasara.

Tatu, kwenye Ubuntu shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Utachagua picha ionekane sehemu zote mbili, au monita iwe nyongeza ya nafasi ya kazi.

Nne, fungua dirisha la amri na uandike:

grep . /sys/class/drm/*/status

Kila tundu litatajwa kwa jina. Tundu la monita likionyesha "connected", kompyuta imeiona. Rekebisha mipangilio ya skrini. Likionyesha "disconnected", shuku waya, kigeuzi au tundu, na uazime waya mwingine kwanza.

Picha ikionekana lakini imevutika, chagua kipimo halisi cha monita, kwa mfano 1920 kwa 1080. Kipimo hicho kisipokuwemo na orodha ikaishia 1024 kwa 768, huenda waya wa VGA ni hafifu: haupitishi taarifa za monita kwenda kwenye kompyuta. Waya mpya ni nafuu kuliko monita mpya.

Ushauri wetu kwa mnunuzi: nenda dukani na kompyuta yako pamoja na waya wako, ijaribu monita hapo hapo, ndipo ulipe na kudai risiti.