Kalsiamu ya Matumbawe: Je, Bahari Ilikotoka Ina Maana kwa Mgonjwa?

Mgonjwa mmoja mwenye udhaifu wa mifupa alikuja kliniki akiwa na kopo la vidonge mkononi. “Daktari,” akauliza, “nimeambiwa kalsiamu hii imetoka kwenye matumbawe ya bahari ya mbali, na kwamba inazishinda dawa mlizoniandikia. Je, niziache?” Swali lake lina pande mbili: upande wa bahari na upande wa mwili.

Tuanze na bahari. Ni kweli kwamba viunzi vya viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo havifanani kila mahali. Mwaka 1917, wanakemia wa Marekani Frank Wigglesworth Clarke na Walter Calhoun Wheeler walichapisha uchambuzi wa viunzi vya viumbe wa aina nyingi. Walibaini kwamba baadhi ya jamaa wa kiti cha pweza wanaoishi katika maji ya joto wana magnesiamu nyingi kuliko wenzao wa maji ya baridi. Mwaka 1954, Keith Chave alionyesha uhusiano huohuo katika makundi mengine ya viumbe. Hata hivyo, aina ya kiumbe nayo ina uzito wake. Matumbawe hujenga kiunzi chao kwa aragonaiti, fuwele ya kabonati ya kalsiamu ambayo huwa na magnesiamu kidogo hata katika bahari za joto.

Sasa tuugeukie mwili. Kabonati ya kalsiamu, iwe ya matumbawe, ya chaza au ya mawe ya chokaa, ina takriban asilimia 40 ya kalsiamu kwa uzito. Kidonge chenye miligramu 1250 za kabonati humpa mgonjwa miligramu 500 za kalsiamu. Tumboni, asidi huiyeyusha fuwele hiyo, na kinachofyonzwa ni kalsiamu ileile. Utumbo hauulizi ilivuliwa wapi.

Matumbawe yana nafasi yake halali katika tiba. Mwaka 1974, Della Roy na Sari Linnehan walieleza namna ya kugeuza kabonati ya matumbawe kuwa hidroksiapataiti, madini ya fosfati yanayokaribiana na ya mifupa yetu, bila kuharibu vitundu vyake. Madaktari wa upasuaji wametumia zao hilo kuziba mapengo ya mifupa. Faida hiyo inatokana na umbo lake lenye vitundu. Haina uhusiano na kumeza vidonge.

Madai yakizidi mipaka, huwa hatari. Mwaka 2003, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa kalsiamu ya matumbawe waliodai kuwa inatibu saratani.

Kwa wahudumu wa afya: mwulizeni kila mgonjwa anameza nini zaidi ya mlichomwandikia. Kabonati ya kalsiamu hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na chakula. Huzuia ufyonzwaji wa levothairoksini, tetrasaiklini na siprofloksasini, hivyo dawa hizo zipangiwe saa tofauti. Mwenye maradhi ya figo au historia ya mawe ya figo asianze kuitumia bila ushauri wa daktari.

Nawe mgonjwa, lete kopo lako kliniki bila kuona haya. Aliyeniuliza hakuziacha dawa zake. Nilimshauri pia ale dagaa pamoja na mifupa yao na anywe maziwa.