Gorm: buluu ambayo ni weusi wetu



Wenzetu wanaolea watoto Ayalandi wanajua kwamba Kiayalandi husomeshwa shuleni tangu madarasa ya chini. Sasa kipo kivumishi kimoja ambacho mzazi akikisikia anaweza kushtuka: gorm. Kamusi itakwambia ni rangi ya buluu. Lakini duine gorm siyo mtu wa buluu, ni mtu mweusi, yaani sisi!

Kwa nini wasiseme dubh, ambayo ndiyo "-eusi"? Kwa sababu fear dubh hueleweka kuwa mwanamume mwenye nywele nyeusi, na an fear dubh ni jina la shetani. Gorm haina mzigo huo. Tangu zamani ilibeba buluu pamoja na weusi, na katika lugha ya kale ilikuwa pia na maana ya "tukufu". Masimulizi yao ya kale yanawaita "watu gorm" mateka ambao Waviking waliwaleta kutoka Afrika Kaskazini katika karne ya 9. Na waliokaa na Wasudani watakumbuka azrag, nayo ni buluu, anavyoitwa mtu mweusi sana.

Tuje kwenye sarufi. Kivumishi hufuata nomino kama kwetu, na hubadilika mbele na nyuma:

- fear gorm: mwanamume mweusi
- bean ghorm: mwanamke mweusi (nomino ya kike hugeuza g kuwa gh)
- mná gorma, daoine gorma: wanawake weusi, watu weusi (wingi huongeza -a)
- fir ghorma: wanaume weusi (i iliyo kabla ya r katika fir ndiyo inayoleta gh)
- an fhir ghoirm, na mná goirme: "-a mwanamume mweusi", "-a mwanamke mweusi"
- níos goirme: buluu zaidi, is goirme: buluu kuliko zote

Kwenye matamshi wao huchomeka irabu kati ya r na m, karibu na "gorom". Na hiyo gh ni ile ile ya ghali na lugha, kwa hiyo hapo Mswahili anamtangulia Mwingereza!

Basi, mtoto akirudi nyumbani na daoine gorma tusikimbilie kumlaumu mwalimu. Na anayetafsiri "mtu mweusi" asiandike duine dubh, maana atakuwa amesema jambo jingine kabisa.

Mwenye la kuongeza, karibu.